Mguu Uliolegea Hagadera

Oktoba 2006, habari zilizothibitishwa na maabara zilirudisha nchini ugonjwa ambao Kenya ilikuwa imeuhesabu kuwa umekwisha. Mtoto wa miaka 3 katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera, Garissa, alikuwa amepooza, na kinyesi chake kilikuwa na virusi vya polio aina ya 1. Kisa cha mwisho cha virusi hivyo nchini kilikuwa kimeandikwa mwaka 1984. Muuguzi aliyezaliwa mwaka ule alikuwa sasa mtu mzima mwenye cheti, na huenda polio aliijua tu kwa kuwaona watu wa rika la wazazi wake wakitembea kwa magongo mjini.

Virusi havionekani kwa macho. Kilichoonekana ni mguu uliokuwa ukikimbia jana na leo umelala. Katika historia yote ya polio Kaskazini Mashariki, shahidi wa kwanza huwa kiungo kilicholegea ghafla, na anayekiona kwanza huwa mama, nyanya au jirani, kabla ya daktari yeyote. Kwa hiyo nitaisimulia historia hiyo pamoja na kazi ya mishipa ya fahamu. Anayejua mguu hutembea vipi ndiye anayeelewa kwa nini ulegevu huo haufai kungojewa nyumbani uishe wenyewe.

Turudi nyuma hadi mwaka 1870. Mwaka huo, mjini Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa kwa umeme hafifu sehemu ya mbele ya ubongo wa mbwa, wakaona miguu ya upande wa pili ikicheza. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba gamba la ubongo ni la fikra tu na halina habari na misuli. Mwaka huohuo, Paris, katika hospitali ya Salpêtrière, Jean-Martin Charcot na Alix Joffroy walichunguza uti wa mgongo wa marehemu aliyekuwa amepooza tangu utotoni. Walikuta seli kubwa za sehemu ya mbele ya uti zimenyauka, nyingine hazipo kabisa. Hawakujua kilichoziua. Ilipita karibu miaka 40 kabla Karl Landsteiner na Erwin Popper, Vienna, hawajaonyesha mwaka 1908 kwamba ugonjwa huo husababishwa na kitu kinachoambukiza, kidogo kuliko bakteria. Hata hivyo ncha mbili za njia zilikuwa zimeshapatikana: mahali agizo la mwendo linapoanzia, na mahali linapotokea kwenda kwenye msuli.

Njia yenyewe iko hivi. Mtoto akitaka kunyanyua mguu, seli za gamba la ubongo hutoa agizo. Nyuzi za seli hizo hushuka pamoja, na zikifika chini ya shina la ubongo, karibu na shingo, nyingi huvuka kwenda upande wa pili. Ndiyo maana mzee aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo hulemaa mkono na mguu wa kulia. Baada ya kuvuka, nyuzi hushuka ndani ya uti wa mgongo hadi kwenye seli zilezile alizoziona Charcot, seli za pembe ya mbele. Kila moja ya seli hizo hutoa uzi mmoja unaotoka nje ya uti na kwenda hadi kwenye msuli; ule unaochezesha vidole vya mguu wa mtu mzima hukaribia urefu wa mita moja. Uzi ukifika hujigawa, kila tawi hugusa uzi mmoja wa msuli na kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli hujikunja. Seli moja inayohudumia shavu la mguu inaweza kuamuru nyuzi za msuli zaidi ya elfu moja. Ile inayohudumia jicho huamuru chache tu, kwa kuwa jicho lahitaji miondoko midogo sana.

Mwingereza Charles Sherrington, katika kitabu chake cha mwaka 1906, alieleza jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa habari hii yote. Maagizo ya hiari hutoka kwenye gamba la ubongo. Maagizo ya mizani hutoka kwenye serebela, kisogoni. Agizo la kuruka ukikanyaga mwiba halipandi hata ubongoni. Huanzia kwenye ngozi na kugeukia ndani ya uti. Yote hayo, alisema, humalizikia kwenye seli zilezile za pembe ya mbele, na hakuna mlango mwingine wa kuufikia msuli. Wakati wa jilaal, kiangazi kile kirefu, njia zote za ngamia huishia kwenye kisima kimoja, na kisima kikifukiwa, wingi wa njia haumfai mfugaji. Kirusi cha polio hufukia kisima hicho.

Huingia kwa mdomo, kwa maji au mkono uliochafuliwa na kinyesi. Huzaliana kooni na tumboni. Watoto walio wengi hawaoni lolote, au hupata homa na koo kuwasha kwa siku chache. Kwa mtoto mmoja kati ya 200 hivi, virusi huvuka na kuingia kwenye mfumo wa fahamu, na humo huzitafuta seli za pembe ya mbele, huziingia na kuziua. Seli za neva hizo hazizaliwi upya. Katika miaka ya 1940 David Bodian wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alifuata uharibifu huo seli kwa seli katika uti wa nyani. Mwaka 1955 daktari Mwingereza W. J. W. Sharrard alihesabu seli zilizobaki katika uti wa wagonjwa waliofariki na kulinganisha na nguvu za misuli yao walipokuwa hai, akagundua kwamba udhaifu hauonekani mpaka zaidi ya nusu ya seli za msuli huo zife. Maana yake ni nzito: mama anapoona mguu umelegea, hasara ya ndani tayari ni kubwa.

Tukiirudia hesabu ya mtoto mmoja kati ya 200 kwa Hagadera, mguu mmoja uliolegea ulikuwa na nyuma yake watoto wapatao 200 walioambukizwa, wanaocheza, wanaochota maji, wanaolala mkeka mmoja na wadogo zao, na wote wanatoa virusi chooni. Ndiyo sababu kisa kimoja cha polio hutangazwa kuwa mlipuko.

Sasa tumwangalie mtoto mwenyewe. Tabibu anayeijua kazi yake haanzi na mashine. Humlaza mtoto chali, huinua miguu yote miwili kwa pamoja na kuiachilia. Mguu mzima hujikaza kidogo kabla ya kushuka. Ulioathirika huanguka kama ulivyo. Hushika paja na shavu la mguu kwa vidole na kukuta nyama laini, isiyo na mkazo. Kisha hugonga chini ya kofia ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Kipimo hicho kiliandikwa mwaka 1875 na Wajerumani wawili, Wilhelm Erb na Carl Westphal, kila mmoja peke yake, na mpaka leo hakuna kilichokishinda kwa urahisi. Goti la mguu mzima huruka. La mguu wenye polio hukaa kimya, kwa sababu ujumbe wa kugongwa umefika kwenye uti lakini seli ya kuujibu imekufa. Mwishowe tabibu hufinya ngozi ya mguu ule. Mtoto hukunja uso na kulia. Anahisi kila kitu, ila hawezi kuuvuta mguu wake. Hiyo ndiyo alama kubwa ya polio: homa mwanzoni, ulegevu uliokuja kwa siku mbili tatu, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine, na hisia zilizobaki salama.

Kupooza kwa namna nyingine husema vingine. Kifua kikuu kikila mifupa ya mgongo, ugonjwa ambao daktari wa eneo la wafugaji hana budi kuukumbuka, hubana nyuzi zinazoshuka kutoka ubongoni, lakini seli za pembe ya mbele zilizo chini yake huwa bado hai. Mguu hupoteza hiari ila haulegei daima. Baada ya muda hukakamaa, goti huruka kupita kiasi, na ukikwaruza unyayo kidole gumba huinuka juu, dalili aliyoieleza Joseph Babinski mjini Paris mwaka 1896. Kwa hiyo nyundo na kidole gumba cha mguu vyaweza kumwambia tabibu uharibifu uko juu au chini, hata pasipo umeme wala picha ya mgongo. Ugonjwa wa Guillain-Barré, ambamo kinga ya mwili hushambulia neva zenyewe, hulegeza miguu yote miwili sawasawa, hupanda kuelekea juu, huja na ganzi, na wengi wa wagonjwa wake hupona. Kuna pia mtoto aliyedungwa sindano vibaya kwenye tako: huyo maumivu humwanza mapema baada ya sindano, na unyayo wake huanguka kwa kuwa neva kubwa ya mguu imeumizwa.

Sindano yenyewe ina jambo ambalo watu wa Garissa wanastahili kulijua vizuri. Mtoto aliyekwisha kubeba virusi vya polio bila dalili, akidungwa kwa ajili ya homa ya kawaida, huongezewa hatari ya kupooza kwenye kiungo kilekile kilichodungwa. Madaktari wamelijua hilo tangu kabla chanjo haijapatikana. Mzazi huona mguu umelegea baada ya sindano, huilaumu sindano, na polio hupita bila kutajwa.

Basi kwa nini virusi vilivyokuwa vimepotea miaka 22 vilifika Hagadera? Safari yao ilianzia mbali. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwa mbele, yalisimamisha chanjo ya polio kwa hofu kwamba imetiwa sumu au dawa ya kuzuia uzazi. Hofu hiyo ilitulizwa mwaka 2004, baada ya viongozi wa dini kuridhia chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini virusi vilikuwa vimeshatoka. Vilipita Chad na Sudan, vikavuka Bahari ya Shamu, mwaka 2005 vikapooza mamia ya watoto Yemen, na mwaka huohuo vikafika Mogadishu. Somalia ilikuwa na visa zaidi ya 220 kati ya 2005 na 2007. Kutoka huko hadi Liboi, kwenye mpaka wa Kenya, watu walikuja kwa lori, kwa punda na kwa miguu.

Eneo lililowapokea lilikuwa limeachwa nyuma kwa muda mrefu. Waingereza waliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, pamoja na hali ya hatari iliyodumu hadi 1991. Waraka wa serikali namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na mazao; Garissa, Wajir na Mandera hazikuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Zahanati zikabaki chache, na umbali baina yake ukawa wa siku nzima ya safari. Mwaka uleule wa 1991, dola ya Somalia iliporomoka na kambi ya kwanza ikafunguliwa Dadaab. Kambi tatu za huko, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000.

Kampeni za nyumba kwa nyumba zilianza mara moja baada ya kisa cha Oktoba 2006, lakini msimu ule haukuwa na huruma. Novemba mvua zilifurika, kambi ya Ifo ikaingiwa na maji, barabara ya kutoka Garissa kwenda Dadaab ikakatika. Desemba homa ya Bonde la Ufa ikazuka Garissa, mifugo na watu wakafa. Wahudumu walewale waliobeba visanduku vya chanjo walitakiwa wakati huohuo wakusanye damu za wagonjwa wa homa. Hata hivyo polio ilizimwa. Kenya iliandika visa viwili mwaka huo, na mwaka uliofuata haikuandika hata kimoja. Nayahesabu hayo kuwa mafanikio makubwa ambayo hayajasimuliwa vya kutosha, na wengi wa walioyaleta walikuwa wakimbizi na wenyeji wa Garissa waliotembea juani kwa posho ndogo.

Kazi waliyojifunza ndiyo inayoendelea leo. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla huandikwa, hata kama tabibu hadhani ni polio. Mhudumu wa afya hufika, hukaa mkekani na kuuliza taratibu: “Mama, mguu ulianza kulegea siku gani? Homa ilikuwapo? Amedungwa sindano? Mlitoka wapi kabla ya kuja hapa?” Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kwa familia inayohama na ngamia. Kisha huchukuliwa sampuli mbili za kinyesi, moja leo na nyingine baada ya saa 24 au zaidi, zote ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, kwa maana baada ya hapo virusi huanza kupungua. Kila sampuli ni kama ncha ya kidole gumba cha mtu mzima. Hufungwa kwenye kikopo, huwekwa kati ya vipande vya barafu katika kisanduku cha baridi, nyuzi joto 2 hadi 8, na kupelekwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambako maabara hiyohiyo hupokea pia sampuli za Somalia. Barafu ikiyeyuka njiani, kirusi huweza kufa na jibu likapotea. Siku 60 baadaye tabibu hurudi kumpima mtoto tena: je, mguu bado umelegea?

Jaribu la pili lilikuja na njaa ya 2011. Dadaab ilivimba hadi kupita watu 450,000, mara tano ya idadi iliyokusudiwa. Al-Shabaab walikuwa wamepiga marufuku kampeni za chanjo katika sehemu kubwa ya kusini na kati ya Somalia, na mamia ya maelfu ya watoto wakakua bila tone hata moja. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa Médecins Sans Frontières walitekwa nyara Dadaab, majeshi ya Kenya yakaingia Somalia, na mwendo wa mashirika kambini ukabanwa. Mwaka 2012 visa vitatu vya polio ya aina ya 2 vilipatikana Dadaab. Hivyo vilitokana na virusi vya chanjo yenyewe vilivyobadilika. Matone ya mdomoni yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtoto aliyechanjwa ni kinga, na katika jumuiya iliyochanjwa vizuri virusi hivyo hufa haraka. Pasipo na chanjo ya kutosha hupita kutoka tumbo hadi tumbo kwa miezi mingi, na mwisho huweza kupata tena nguvu ya kupooza. Dawa yake ni ileile, kuwachanja watoto wote, na kwa hiyo wanaotumia habari hii kuwatisha wazazi wanawatendea watoto ubaya mkubwa.

Kisha Aprili 2013, mtoto mchanga wa miezi 4 karibu na Dadaab akalegea. Tarehe iliyoandikwa ni 30 Aprili. Watu wawili waliokuwa karibu naye, wenye afya tele, nao walikutwa na virusi vya aina ya 1. Siku 12 kabla, mtoto mwingine alikuwa amepooza Mogadishu. Ukoo wa virusi hivyo ulifuatwa hadi Afrika Magharibi, Nigeria tena. Garissa ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa kaunti. Gavana na mawaziri wake walikuwa na majuma machache tu ofisini, na hospitali zilikuwa bado njiani kutoka mikono ya Nairobi kuja mikono yao. Tarehe 26 Mei kampeni ya kwanza ilianza kwa lengo la watoto 440,000. Maimamu walizungumza misikitini, vijana walipita mahema na manyatta, kidole kidogo cha kila mtoto aliyepewa matone kikapakwa wino. Kufikia Julai visa vya Kenya vilikuwa 14, kitovu chake Dadaab. Somalia iliandika 194 mwaka huo na vingine vitano mwaka 2014. Ethiopia iliandika 10 kwa miaka hiyo miwili. Kisa cha mwisho cha mlipuko wote kilitokea Agosti 2014 katika wilaya ya Hobyo, Somalia.

Desemba 2013 Dadaab ilifanyiwa jambo jipya. Matumbo ya watoto kambini, yenye kuharisha mara kwa mara, hayapokei matone vizuri kila mara. Wizara ya Afya ikaamua kutoa pamoja matone na chanjo ya sindano, yenye virusi vilivyouawa, ile aliyoitengeneza Jonas Salk na kutangazwa mwaka 1955. Kuanzia tarehe 16 hadi 20 Desemba, watoto wapatao 126,000 wa kambini na wa vijiji vya jirani ndio waliolengwa. Mbinu ya kuchanganya chanjo hizo mbili katika kampeni ilikuwa ngeni Afrika, nayo ilianzia kwa watoto wa Garissa.

Aliyepooza ana historia yake inayoendelea baada ya takwimu kufungwa. Seli zilizosalia kwenye uti hufanya kazi ya ajabu: hutoa matawi mapya na kuzichukua nyuzi za msuli zilizoachwa yatima, na kwa hiyo nguvu kiasi hurudi katika miezi ya kwanza. Hapo mazoezi ya viungo yana kazi kubwa. Msuli wenye nguvu huvuta kiungo upande wake, usio na nguvu haushindani, na pasipo kunyooshwa kila siku goti hupinda likabaki limepinda, kisigino huinuka kisirudi chini. Mguu hukua mfupi na mwembamba kuliko mwenzake. Chuma cha kushikilia goti kilichomfaa mtoto wa miaka 4 hakimfai wa miaka 6, na barabara za mchanga hazilingani na kiti cha magurudumu cha mjini. Miaka 20 au 30 baadaye, seli zilizobeba mzigo wa wenzao huweza kuchoka, na mtu aliyekwisha kuzoea hali yake akaanza tena kudhoofika. Watoto wa 2006 na 2013 bado wana njia ndefu, na huduma ya mazoezi na vyuma haipaswi kukoma siku wafadhili wanapoondoka Dadaab.

Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina virusi vya polio vya asili. Garissa haikupata nafasi ya kupumzika. Kirusi kilichobadilika cha aina ya 2 kilipatikana katika maji taka ya Garissa na Mombasa muda mfupi baada ya hapo, na mwaka 2023 watoto wa Hagadera, kambi ileile, walipooza kwacho. Kampeni za chanjo zilirudi Garissa, Nairobi, Kiambu na Kajiado.

Kupima maji taka ni hatua nzuri, kwa kuwa huonyesha kirusi kabla mguu haujalegea. Lakini mtaro wa maji hayo uko mjini. Hauko Hulugho, hauko kwenye mabwawa ya kunyweshea mifugo, wala hauwafuati wafugaji wanaovuka mpaka kutafuta malisho. Huko, dabeyl, kama Wasomali wanavyouita ugonjwa huu, bado itatambuliwa kwa jicho la mtu.

Kwa hiyo, msomaji wa Garissa, Wajir, Mandera au Tana River: ukimwona mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mkono au mguu wake umelegea ghafla, mpigie mhudumu wa afya wa mtaa wako au umpeleke zahanati iliyo karibu siku hiyohiyo, ueleze ulegevu ulianza lini na familia imetoka wapi. Usimpitishe kwanza dukani kudungwa sindano, na usimfiche kwa aibu. Wadogo zake na watoto wa jirani wapewe matone hata kama walipewa mwezi uliopita.